Kodi ya Mwaka Mzima Chini ya Ukuta Wenye Ufa

Anayetafuta chumba Kariakoo, Gerezani au Kisutu, katikati ya Dar es Salaam, hukutana kwanza na dalali. Dalali atamtembeza ghorofa mbili tatu, atamfungulia bomba aone maji yanatoka, kisha yatafuata ya hesabu: kodi ya miezi sita, au ya mwaka kama mwenye nyumba ndivyo anavyotaka, na mwezi mmoja wa dalali juu yake. Kama ni fremu ya biashara, kabla hata ya kodi kuna kilemba, yaani malipo ya kuachiwa fremu yenyewe. Fedha zinatoka, risiti inaandikwa, ufunguo unakabidhiwa. Baada ya hapo, godoro na jiko la gesi vikiwa vimeshapanda ngazi, ndipo mpangaji anapopata wasaa wa kuitazama dari na kuona nondo zinazochungulia, zimeshika kutu, chini ya bafu la ghorofa ya juu.

Nimeanza na fedha kwa makusudi. Mpangaji wa Tanzania ana haki ya kukaa katika nyumba salama, na haki hiyo imeandikwa tangu 1999 kwa maneno mapana kuliko wengi wanavyodhani. Tatizo ni kwamba siku anapoihitaji, kodi yake ya miezi ijayo iko tayari mikononi mwa mtu anayepaswa kumdai. Mambo mengi yanayosemwa kuhusu usalama wa majengo ya katikati ya jiji yanahusu wahandisi, vibali na saruji, na yote yana umuhimu wake. Lakini swali la nani anaondoka kwenye jengo bovu, na lini, linaamuliwa zaidi na kodi iliyolipwa mbele.

Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024, asubuhi, biashara zikiwa zimeanza kuchangamka, jengo la ghorofa nne katika mtaa wa Mchikichi na Congo liliporomoka. Kwa siku kadhaa waokoaji walichimba wakifuata sauti na simu za waliofukiwa. Zaidi ya watu 80 walitolewa hai, na kabla ya Novemba kwisha hesabu ya waliokufa ilikuwa imefika 29. Walioshuhudia walisimulia kwamba chini ya jengo kulikuwa na kazi ya kupanua eneo la biashara, huku juu maduka na stoo vikiendelea kama kawaida. Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliunda kamati ya wajumbe 19 kukagua majengo ya Kariakoo, na baadaye watu watatu walifikishwa mahakamani kwa mashtaka ya kuua bila kukusudia.

Miaka 11 kabla yake, Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, jengo refu lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka na kuua watu 36, wakiwamo mafundi waliokuwa kazini. Kibali kilikuwa cha ghorofa 10, nalo lilikuwa limeshavuka hapo. Maafa hayo mawili huwekwa kapu moja, lakini kisheria hayafanani. La 2013 halikuwa na mpangaji hata mmoja ndani. La 2024 lilikuwa limejaa watu waliolipa kodi ili wawe pale walipokuwa, na wateja wao. Kwa hao wa pili, swali la kwanza ni lile la mkataba: waliuziwa nini walipolipa kodi?

Jibu liko katika kifungu cha 88 cha Sheria ya Ardhi, Sura ya 113, kwa namba za toleo la 2019. Kifungu hicho kinaorodhesha masharti yanayohesabiwa kuwamo katika kila upangaji, yawe yameandikwa au hayakuandikwa. Mwenye nyumba anaahidi kwamba mpangaji anayelipa kodi na kutimiza wajibu wake atakaa kwa utulivu bila kuingiliwa. Pale panapopangishwa sehemu tu ya jengo, anaahidi kuweka katika hali nzuri paa, kuta za nje na kuta kuu, mifereji mikuu, pamoja na maeneo na mitambo inayotumiwa na wote. Na inapopangishwa nyumba ya kuishi, au hata chumba kimoja, anaahidi kwamba kinafaa kwa makazi ya binadamu siku ya kuanza na kwamba kitaendelea kufaa muda wote wa upangaji. Hiyo "kuendelea" ina nguvu kubwa. Mwenye nyumba hawezi kujitetea kwa kusema, "Uliiona nyumba, ukaipenda, ukalipa." Ufa uliotokea mwezi wa nane ni wake kama ule uliokuwapo mwezi wa kwanza.

Sasa tazama ghorofa la kawaida la Kariakoo la leo, lililosimama pale ilipokuwa nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita na korido katikati. Chini ni fremu. Ghorofa ya kwanza na ya pili ni maduka ya jumla na stoo za vitenge, viatu na vyombo vya plastiki. Juu wanaishi familia. Ngazi ni moja, nyembamba, na kila kona imewekwa maboksi. Kwa mama anayeishi ghorofa ya nne, ahadi ya makazi yanayofaa inamhusu moja kwa moja. Kwa mwenye fremu haimhusu, kwa sababu hakupanga mahali pa kuishi. Yeye anasimama kwenye ahadi ya kuta kuu, paa na maeneo ya pamoja, na kwenye ile ya utulivu. Bado ni silaha nzuri. Nguzo inayobeba ghorofa tano si mali ya duka lolote peke yake. Anayeichonga ili rafu ziingie anagusa mkataba wa kila mpangaji aliye juu yake, na mwenye jengo anayeruhusu hilo, au anayechimba chini ya miguu ya watu aliokwisha kuwapokea kodi, amevunja alichoahidi kabla hata tofali moja halijadondoka. Mpangaji anaweza kwenda kuomba zuio la muda kazi isimame. Kwa kadiri ninavyoisoma sheria yenyewe, hapa ndipo mpangaji wa Kariakoo ana nguvu kubwa kuliko mahali pengine popote, na ndiyo nguvu asiyoambiwa.

Kifungu hicho hicho kinagusa kodi pia. Jengo likiharibiwa na moto, mafuriko, mlipuko au ajali nyingine ambayo si uzembe wa mpangaji, hata lisifae kutumika lote au sehemu yake, kodi inasimama kwa kiasi cha uharibifu hadi litengenezwe. Miezi sita ikipita bila matengenezo, mpangaji anaweza kuvunja mkataba kwa notisi ya mwezi mmoja. Kwa anayelipa mwezi kwa mwezi, hiyo ni nafuu ya kweli: anasimamisha malipo na kuhama. Kwa aliyelipa mwaka mzima mwezi wa pili, "kodi inasimama" maana yake ni kwamba amegeuka mdai. Anatakiwa amtafute mtu aliyeunguliwa na nyumba au aliyefungiwa jengo, na kumwomba arudishe fedha ambazo pengine zilishaingia kwenye ada za shule na mkopo wa benki.

Kuna pengo jingine. Maneno ya sheria kuhusu kusimama kwa kodi yanataja ajali na maafa. Zege linalooza polepole kwa maji ya choo yanayovuja miaka kumi halimo humo waziwazi. Mpangaji wa jengo la namna hiyo anarudi kwenye ahadi ya jumla ya makazi yanayofaa, na huko dawa yake ni kwenda kudai: fidia, amri ya kutengeneza, au kuvunjwa kwa mkataba. Katikati ya jiji hatari ya kila siku ni hii ya kuoza. Moto na mafuriko huja mara moja, lakini choo kinavuja usiku na mchana.

Hali haikuwa hivi siku zote. Baada ya uhuru ilitungwa sheria ya kudhibiti kodi za nyumba mwaka 1962, ikafuatwa na nyingine mwaka 1984. Kulikuwa na mabaraza ya nyumba, kodi ilikuwa na kiwango, na mpangaji hakuweza kutolewa isipokuwa kwa sababu zilizotajwa. Wakati huo huo serikali yenyewe ilikuwa mwenye nyumba mkubwa katikati ya jiji: mwaka 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yalitaifishwa, yakawa chini ya Msajili wa Majumba, na mwaka 1990 yakaingizwa Shirika la Nyumba la Taifa. Kodi zilizofungwa zilileta hasara yake. Mwenye nyumba anayepokea kodi isiyotosha kununua rangi hapaki rangi, na majengo mengi ya Kisutu na Upanga yanayoonyesha uchakavu leo yalianza kuchoka miaka hiyo. Mwaka 2005 udhibiti ule ulifutwa. Waliotaka ufutwe walikuwa na hoja nzuri kuhusu uwekezaji, na maghorofa yaliyoota Kariakoo tangu hapo ni ushahidi wao. Lakini ulipofutwa, ulinzi dhidi ya kutolewa uliondoka pamoja na udhibiti wa kodi, na hakuna kilichowekwa mahali pake kwa ajili ya mtu anayelalamikia usalama.

Matokeo yake ni haya. Mkataba usiotaja muda unahesabiwa kuwa wa vipindi, kufuatana na jinsi kodi inavyolipwa, na upande wowote unaweza kuumaliza kwa kutoa notisi ya urefu wa kipindi hicho. Sababu haitakiwi. Mpangaji wa mwezi kwa mwezi anayeandika barua kuhusu ufa leo anaweza kupokea notisi kesho, na hiyo notisi ikawa halali kabisa. Kwa hiyo ana haki ya nyumba salama, lakini hana haki ya kubaki ndani yake baada ya kuidai. Anayelipa kwa mwaka yuko salama zaidi dhidi ya notisi, ila amefungwa na fedha zake. Ni mtego wa pande mbili, na ndiyo maana mazungumzo ya kawaida kuhusu ufa huishia kwenye ngazi:

"Shikamoo mama. Ule ufa wa koridoni umeongezeka."

"Marahaba mwanangu. Hii nyumba nimeijenga na mzee, ina miaka mingi. Ukiona hukai kwa raha, kodi yako ikiisha utaniambia."

Hakuna ugomvi hapo wala tusi. Kuna heshima yote. Na kuna notisi ndani yake, aliyeambiwa ameielewa.

Mlolongo wa upangaji nao una lake. Katika majengo mengi ya katikati, anayelala ndani hakupanga kwa mwenye jengo. Kapanga kwa mpangaji, ambaye mara nyingine naye kapanga kwa mpangaji. Fremu moja inagawanywa kwa mbao ikawa tatu, na nyumba ya shirika ya vyumba vitatu inaishi kaya tatu. Ahadi za kifungu cha 88 zinamfunga yule aliyekupangisha. Kama aliyekupangisha hana mamlaka juu ya nguzo na paa, unamdai mtu asiyeweza kutengeneza, na anayeweza kutengeneza atasema hakujui. Ukiniuliza swali moja la kuuliza kabla ya kulipa, ningesema ni hili: hati ya jengo ni ya nani, na huyu anayepokea kodi ana karatasi gani kutoka kwake?

Nje ya mkataba kuna mamlaka za umma, na nyingi zina meno. Tangu Februari 2021, iliyokuwa Manispaa ya Ilala ndiyo Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Ndiyo inayotoa kibali cha ujenzi na ndiyo inayopaswa kujua kama jengo lina ghorofa zilizoruhusiwa. Afisa afya anafanya kazi chini ya Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009, inayogusa majengo yasiyofaa kukaliwa na watu. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji lina sheria yake ya 2007 na linakagua tahadhari za moto. Namba yao ya dharura ni 114. Duka lenye wafanyakazi ni mahali pa kazi, kwa hiyo linaingia pia kwenye mamlaka ya OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi. Wahandisi, makandarasi na wabunifu majengo kila kundi lina bodi yake ya usajili, na kazi ya ujenzi inayoendelea inatakiwa kuwa na bango linaloonyesha nani anajenga na nani anasimamia. Ukiona nyundo zinapigwa chini ya jengo unalokaa na bango hakuna, una sababu ya kutosha ya kwenda ofisi za Jiji siku hiyo hiyo.

Kasoro ya mamlaka hizi ni kwamba zinaangalia jengo, hazimwangalii mpangaji. Mkaguzi akikuta hatari, anaagiza watu watoke. Anafanya sawa. Lakini amri ya kutoka haisemi chochote kuhusu kodi ya miezi tisa iliyobaki, kilemba, shehena iliyoko stoo, wala familia italala wapi. Wenye jengo wanajua hilo, na wapangaji wanalijua zaidi. Mpangaji anayeamini kwamba simu yake kwa Jiji itamfanya apoteze milioni kadhaa kwa mkupuo mmoja hapigi simu. Ananunua saruji kilo mbili, anaziba ufa, anapaka rangi juu. Sitamlaumu. Ufa uliozibwa na mpangaji kwa fedha yake, kwa kuogopa kupoteza fedha yake, ni hatari iliyofichwa na mtu ambaye ndiye angekuwa wa kwanza kuitolea taarifa.

Serikali inajua vizuri kumfikia mpangaji inapotaka. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo imekuwa ikikatwa kupitia LUKU, umeme wa kulipia kabla: ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa mijini. Hiyo ni kodi ya mwenye jengo, na kifungu kile kile cha 88 kinaiweka juu yake isipokuwa mkataba useme vingine. Ila anayenunua umeme ni mpangaji, na wengi wameilipa bila kurudishiwa. Kama mita inaweza kutumika kukusanya kodi ya jengo kwa asiye na jengo, haishindikani kuitumia pia kumpelekea ujumbe kwamba jengo analokaa limekaguliwa na nini kimeonekana.

Mpangaji afanye nini leo, na sheria hizi zilizopo? Aandike. Malalamiko ya mdomo koridoni hayana tarehe. Barua yenyewe haihitaji lugha ya kisheria. Ifanane na hii:

"Mimi ni mpangaji wa chumba namba 4, ghorofa ya pili. Tarehe 3 mwezi huu niliona ufa unaoanzia juu ya mlango hadi kwenye nguzo ya kona. Ncha ya kalamu ilikuwa inaingia. Leo tarehe 17 umekuwa mpana zaidi na mlango haufungi. Naambatisha picha za siku zote mbili. Naomba ndani ya siku 7 umlete mhandisi aliyesajiliwa alikague jengo na unipe nakala ya taarifa yake. Nakala: Ofisi ya Serikali ya Mtaa, Mkurugenzi wa Jiji."

Ipelekwe kwa mkono na isainiwe kwenye kitabu cha kupokelea, au itumwe kwa WhatsApp na ujumbe uhifadhiwe. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaruhusu ujumbe wa namna hiyo kupokewa kama ushahidi. Wapangaji watano wakisaini barua moja, ni vigumu zaidi kuwapa notisi wote kwa wiki moja, na hapo ndipo ujirani wa ghorofa moja unapokuwa na faida ya kisheria. Ikiwa nguzo imepasuka au sakafu inashuka, barua isubiri; watu watoke kwanza na 114 ipigwe.

Mkataba wenyewe ulipiwe ushuru wa stempu. Ni asilimia moja ya kodi ya mwaka, fedha ndogo, na karatasi isiyolipiwa haipokewi kama ushahidi mpaka ushuru na adhabu yake vilipwe. Nimeona watu wenye madai mazuri kabisa wakianza kuhangaika na stempu siku ya kusikilizwa.

Lipo pia swali linaloulizwa kuliko yote: je, nizuie kodi mpaka atengeneze? Jibu la uangalifu ni hapana, isipokuwa umeshauriwa na wakili au Baraza la Ardhi na Nyumba limeagiza. Wajibu wako wa kulipa na wajibu wake wa kutengeneza haviegemeani moja kwa moja, na kutolipa kunampa yeye sababu safi ya kukutoa, sababu ambayo ufa wake haukuwa umempa. Ukilipia matengenezo ya dharura mwenyewe, pata kwanza kibali chake cha maandishi kwamba yatakatwa kwenye kodi, na utunze risiti za fundi na vifaa.

Mgogoro ukifika kwenye vyombo, njia yake ni ndefu kuliko inavyofaa kwa jambo la hatari. Kuna Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na rufaa yake huenda Mahakama Kuu. Tangu mabadiliko ya 2021 baraza la kata halihukumu tena, linasuluhisha tu, na lina siku 30 za kufanya hivyo kabla mgogoro unaogusa maslahi katika ardhi haujasikilizwa wilayani. Kwa ugomvi wa mpaka wa kiwanja, siku 30 za kukaa na kuzungumza ni busara. Kwa jengo linalochimbwa chini ni nyingi mno, na ndiyo sababu taarifa kwa Jiji na Zimamoto hazipaswi kusubiri usuluhishi. Asiye na fedha ya wakili atafute msaada wa kisheria, ambao una sheria yake tangu 2017. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na chama cha wanasheria wanawake, TAWLA, wamekuwa wakipokea wapangaji kwa miaka mingi.

Baada ya maafa, madai yanabadilika sura. Aliyeumia au kupoteza mali kwa uzembe wa mwingine ana miaka 3 ya kufungua shauri. Kwa kuvunjwa kwa mkataba ni miaka 6. Wategemezi wa aliyekufa wana sheria yao, Sura ya 310, na wamwone mwanasheria mapema. Kijana aliyekuwa ameajiriwa dukani akafia kazini, familia yake iulize pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Kesi ya jinai dhidi ya wamiliki haimrudishii mtu shehena yake wala kodi yake. Hizo ni njia mbili tofauti, na kwa kuwa ya jinai ndiyo inayotangazwa, wengi husubiri imalizike huku muda wa madai yao ukihesabika.

Majirani zetu wamepita njia hii kwa viwango tofauti. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya 2012 ina ahadi zinazokaribia kufanana neno kwa neno na zetu. Huruma, Nairobi, Aprili 2016, jengo la makazi lilianguka usiku wa mvua na kuua watu wapatao 50. Lilikuwa limeshatajwa miongoni mwa majengo ya kubomolewa, na watu walikuwa bado wanaishi ndani, kwa sababu hizi hizi: kodi nafuu, na hakuna pa kwenda. Lakini kwa wapangaji wa maduka Kenya ina kitu ambacho Kariakoo haina. Sura ya 301 ya sheria zao inamtaka mwenye jengo atoe sababu inayokubalika kabla ya kumtoa mpangaji wa duka asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba wa maandishi usiozidi miaka mitano, na mpangaji anaweza kupinga mbele ya baraza maalumu. Mwenye fremu wa aina hiyo anaweza kulalamikia nguzo bila kuhesabu siku zake. Uingereza nayo, mwaka uliofuata moto wa Grenfell uliowaua watu 72 London, ilitunga sheria inayompa mpangaji uwezo wa kumshtaki mwenyewe mwenye nyumba isiyofaa kukaliwa, bila kusubiri halmashauri ichukue hatua.

Tunachohitaji sisi hakihitaji kurudisha sheria ya 1984, na mimi singependa irudi. Kwanza, kodi ya kulipwa mbele iwe na ukomo. Jambo hili limezungumzwa miaka mingi kama suala la unafuu wa maisha, na kila mara hoja ya soko huria hulizima. Lijadiliwe kama suala la usalama, kwa sababu mpangaji ambaye hajalipa zaidi ya miezi mitatu anaweza kuondoka siku anapoogopa. Pili, barua ya kulalamikia usalama iliyopokewa na Serikali ya Mtaa au Jiji imkinge aliyeiandika dhidi ya notisi kwa miezi kadhaa, hadi ukaguzi ufanyike. Tatu, kila amri ya kuwatoa watu kwenye jengo ibebe ndani yake amri ya kurudisha kodi ambayo haijatumika na kilemba, ikiwa deni juu ya jengo lenyewe, ili kiwanja kisiuzwe wala kibali kipya kisitolewe kabla halijalipwa. Kiwanja cha Kariakoo kina thamani kubwa, na mwenye kukimiliki hujenga upya haraka. Deni likikaa kwenye hati yake, wapangaji wa jengo la zamani watalipwa kabla zege la jengo jipya halijamwagwa.

Na matokeo ya ukaguzi yabandikwe mlangoni. Kamati iliyoundwa Novemba 2024 ilipewa kazi ya kukagua majengo ya Kariakoo. Taarifa ya jengo fulani ikibaki kwenye faili, anayeijua ni mwenye jengo na ofisa. Ikibandikwa penye ngazi, pamoja na tarehe na jina la mhandisi, anaisoma dalali, anaisoma mteja wa dalali, na hesabu ya miezi sita inaanza kujadiliwa upya kabla fedha hazijatoka.